Tuulize: Ureno twende mwezi gani?

SWALI: Habari dada, mimi na mume wangu tunapanga kwenda Ureno kwa mara ya kwanza, tupite Lisbon, Porto na kule kusini Algarve. Yeye anang'ang'ania mwezi wa nane manake ndo joto na anataka kuogelea baharini, mimi sipendi kubanana na watu na bajeti yetu siyo kubwa. Tumechoka kubishana, tusaidie.

JIBU: Mdogo wangu, mwezi wa nane uacheni. Nendeni kuanzia katikati ya mwezi wa tisa mpaka mwanzo wa wa kumi, na hata shemeji ataogelea vizuri zaidi.

Watu wengi hawalijui hili la bahari. Pwani ya magharibi, yaani Porto mpaka Lisbon, wakati wa kiangazi unavuma upepo wa kaskazini, wenyewe wanauita nortada, unasukuma maji ya juu yaende mbali halafu yale ya baridi ya chini yanapanda, kwahiyo unaweza kuwa unaungua na jua ufukweni ila ukitia mguu majini unaruka! Algarve inatazama kusini, imekingwa, na mwezi wa tisa maji yake bado yana nyuzi 21 au 22 hivi. Hapo ndo pa kuogelea. Julai na Agosti Wareno wenyewe wako likizo na Wazungu wengine wote wamejazana hukohuko, hoteli zinapanda bei, na huko bara Alentejo joto linafika nyuzi 40, sasa hiyo siyo raha tena.

Halafu mwezi wa tisa ndo mavuno ya zabibu bonde la Douro. Mkiwa Porto pandeni treni pale stesheni ya São Bento (fikeni mapema kidogo muangalie kuta zake za vigae vya bluu na vyeupe, ni nzuri mno), iendayo Pinhão, mji mdogo wa hukohuko bondeni, kaeni upande wa kulia, manake baada ya muda reli inashuka inafuata mto kabisa na mnaona milima yote imekatwa ngazi ngazi, imejaa mizabibu, na watu wamebeba mavuno. Hii msiikose jamani.

Kama mwezi wa tisa hauwezekani basi mwisho wa mwezi wa tano au mwezi wa sita, mijakaranda inachanua Lisbon na usiku wa tarehe 12 Juni ni sikukuu ya Santo António, mitaa ya Alfama inanuka dagaa wakubwa wa kuchoma mpaka asubuhi. Porto wana ya kwao, São João, usiku wa tarehe 23. Ila siku hizo vyumba ni vya kugombania, na bahari bado baridi.

Mwezi wa 11 mpaka wa pili ni rahisi lakini Porto mvua hainyamazi. Labda uwe unafuata mawimbi makubwa ya Nazaré, mji wa pwani, pale mwaka 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza kwa ubao juu ya wimbi la mita 26.21.

Viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo) mnaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, mwisho siku 15. Msisubiri hizo 15, miadi ya kiangazi inajaa haraka, kwahiyo kwa safari ya mwezi wa tisa anzeni kuitafuta mwezi wa nne au wa tano.