Kuhamisha tangi la samaki, Nakuru hadi Kisumu
Umeuliza kama tangi la samaki linaweza kusafirishwa likiwa na maji nusu. Hapana, usilisafirishe hivyo. Tangi la lita 100 litakuwa na kilo 50 za maji zinazoyumba barabarani, na silikoni ya pembeni, ile gundi inayoshika vioo, huachia. Toa kila kitu, hata changarawe. Samaki wasile siku moja kabla, wasije wakachafua maji njiani. Wabebe kwenye ndoo safi zenye vifuniko, maji ya tangi lenyewe yafike nusu tu; hiyo nafasi ya hewa wanaihitaji.

Linda sana sponji ya filta. Bakteria wanaovunja amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanaishi humo, wachache mno wako majini. Isafirishe ikiwa imelowa maji ya tangi, na usiifungie pasipo hewa. Ikikauka, au ukiisuuza kwa maji ya mfereji, bakteria wanakufa, amonia inapanda na kuunguza matamvua ya samaki.

Ukifika, tibu maji ya mfereji kwa dawa ya kuondoa klorini kabla ya kujaza. Kisumu kuna joto kuliko Nakuru, kwa hiyo wazoeze samaki polepole: ongeza kikombe cha maji hayo mapya ndooni kila dakika 5, kwa nusu saa au zaidi, ndipo uwahamishe kwa wavu. Filta iwashwe mara tu tangi likijaa. Chakula kidogo wiki ya kwanza.