Bolti za difu zinalegea kila safari

SWALI: Mambo fundi, nina gari la fobaifo (4x4) napiga nayo sana rafu rodi, kila nikirudi bolti za difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) zimelegea na oili inavuja, fundi wa mtaani anakaza tu basi. Nifanyeje? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Poa kaka. Kukaza juu kwa juu ndo kosa lenyewe, uzi ukiwa na oili bolti haishiki. Mwaga oili, zitoe zote, safisha uzi mpaka ukauke, iliyovutika tupa weka mpya, paka gundi ya bolti then kaza kwa mshazari na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kipimo kipo kwenye kitabu cha gari. Ila hiyo oili icheki kwanza! Ukikuta vipande vya chuma huenda bolti za kraunwili (ile gia kubwa ya difu) ndani nazo zimeachia, hapo usiendeshe kabisa, moja ikiingia kwenye meno inaweza kupasua hausingi (ganda la difu).