Ndoo Sita za Rozela Uani Kwangu

Mmeuliza wiki hii: "Ni mmea gani mmoja ulioupanda nyumbani ukabadilisha mnachokula au kunywa kwenu?" Kwetu ni rozela. Wengine huiita choya, na Sudan na Misri kinywaji chake hujulikana kwa jina la karkade.

Nakaa Ngamiani, Tanga mjini. Ua wetu wa nyuma ukitandika mikeka miwili umejaa. Upande huu choo na bafu, upande ule jiko na kamba ya nguo. Ardhi yenyewe ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, ukichimba shubiri moja tu jembe linalia. Nayataja haya mapema kwa sababu kila siku nakutana na mtu anayesema hawezi kupanda kitu kwa kuwa hana shamba. Mie pia sina. Nina ndoo sita za rangi za lita 20 nilizozitoboa chini kwa msumari wa moto.

Mama mkwe wangu alitaka zipandwe mchicha. Alisema mchicha unaliwa kila siku na rozela ni ya kujifurahisha, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa hiyo miaka miwili nilipanda mchicha. Kisima cha jirani kina chumvi, na kila nilipomwagilia kwa maji yale ncha za majani ziliungua. Nikahamia maji ya bomba, ambayo hapa mjini tunayapata kutoka bwawa la Mabayani, kwenye mto Zigi unaoshuka kutoka milima ya Amani. Mchicha ukapendeza. Lakini nikipiga hesabu ya maji, na fungu la mchicha Soko la Mgandini lilivyo rahisi na jinsi soko lilivyo karibu, naona nafanya kazi ya bure. Ndipo nikaamua kwamba ua mdogo kama wangu nitaupa kitu ambacho sokoni nakinunua kwa kujibana, kinachokaa miezi bila friji, na ambacho jikoni kinaweza kugeuka vitu vitano. Mama mkwe nilimwachia sehemu yake, dishi bovu la kufulia lililo karibu na mlango, na mpaka leo ana mchicha wake humo.

Rozela ni ndugu yake bamia. Anayeijua bamia ataitambua siku ya kwanza ikichanua: ua la manjano hafifu lenye koo jekundu lililoiva kama damu ya mzee. Linafunguka asubuhi na jioni limeshasinyaa. Usilihuzunikie, maana tunachokitaka si ua. Tunataka kile kikombe chekundu kinachobaki kwenye kikonyo na kuzidi kunenepa baada ya ua kuanguka.

Mbegu nazilowesha usiku mmoja, nazifukia mbili mbili mvua za masika zinapokolea, mwezi wa nne, kisha nang'oa mche dhaifu. Chini ya ndoo naweka makumbi ya nazi kwa sababu yanashika maji, juu yake udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokaa muda mrefu. Mche ukifika kimo cha goti naukata ncha, utoe matawi. Usipoukata unakwenda juu kama mlingoti, na kwenye ndoo utaangushwa na upepo wa baharini. Adui mkubwa ni vidukari, wale wadudu wadogo wanaojipanga chini ya jani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza jani utazame. Natwanga majani ya mwarobaini, nalaza kwenye maji usiku kucha, nachuja, natia kipande cha sabuni na kunyunyiza jioni jua likishapoa.

Mwezi wa nane tunaanza kuchuma. Kikombe kinavunjwa kingali laini na kinene, wiki tatu hivi baada ya ua. Ukichelewa kinakuwa kigumu kama ngozi. Ndani yake kuna kitumba cha kijani chenye mbegu. Nazungusha kisu kidogo kwenye kitako, nasukuma kwa kidole gumba, kitumba kinatoka "pop" na vidole vinabaki vyekundu mpaka kesho. Watoto wanagombea kazi hii. Baadaye naanika kwenye ungo na kufunika kwa kanga nyepesi, kwa sababu jua kali linafifisha rangi. Rozela ni maji matupu, kilo 10 mbichi zinatoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo asishtuke mtu akiona ungo mzima umekuwa mkono mmoja. Hakikisha inavunjika kwa mlio kabla hujaitia kwenye chupa. Hewa ya Tanga ina unyevu, na kikombe kimoja kilicholegea kitaozesha chupa nzima.

Sasa jikoni, ambako ndiko nilikojifunza zaidi.

Mwaka wa kwanza nilitaka kashata za nazi zenye rangi ya waridi bila kununua rangi. Nikakuna nazi mbili, nikapima vikombe viwili vya sukari, na badala ya maji nikatia nusu kikombe cha maji mazito ya rozela. Sukari ikachemka vizuri, ikavuta uzi, nikatia nazi na iliki, nikasonga mpaka mkono ukauma, nikamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Zilikuwa na rangi ambayo sijaiona kwenye kashata yoyote. Lakini saa moja ikapita, saa mbili, usiku ukaingia, na kashata hazikukauka. Nilipokata mshazari, kisu kikaondoka na nusu ya kipande. Kesho yake nikamchukulia shangazi yangu kwenye bakuli.

"Shangazi, mbona zinanata?"

"Umetia nini, mwanangu?"

"Maji ya rozela."

Akaonja, akacheka taratibu. "Basi hujapika kashata. Umepika shira."

Na kweli. Tunapopika shira ya kaimati tunakamulia ndimu ili isigande chenga, jambo ambalo nimelifanya tangu niko msichana bila kujiuliza sababu. Sukari ikichemshwa pamoja na kitu kichachu huvunjika, inakuwa sukari mbili ndogo zaidi, na hizo haziko tayari kushikana na kuwa ngumu. Shira inataka hivyo. Kashata inataka kinyume chake, sukari igande. Sasa napika kashata zangu kwa maji ya kawaida, na zikishaanza kuachana na sufuria naiepua motoni, nakung'uta vijiko viwili vya rozela kavu niliyoitwanga ikawa unga, nachanganya haraka na kumimina papo hapo. Uchachu haupati muda wa kuharibu sukari. Zinakauka, zina vidoadoa vyekundu, na ukitafuna uchachu unakuja nyuma ya utamu.

Ubuyu hauna tabu hiyo, wenyewe ni mchachu na tunautaka unate. Nachemsha mikono miwili ya rozela kavu kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika 10, nachuja. Narudisha maji hayo motoni na nusu kilo ya sukari, iliki, pilipili manga, chumvi kidogo na pilipili kichaa kwa kadiri ya watu wa nyumba. Ikianza kuwa nzito namimina kilo 1 ya ubuyu, napunguza moto na kugeuza kwa mwiko mpaka kila punje imevaa koti lake. Rangi inakuwa ya zambarau iliyoiva, haing'ai kama ile ya kununua, na siku za mwanzo wanangu walilalamikia hilo. Nami sikurudi kwenye rangi ya kununua.

Jamu nitaitaja kwa ufupi: rozela mbichi na sukari kwa uzito ulio sawa, basi. Inaganda yenyewe bila kutia kitu cha kugandisha. Majani machanga nayo yana uchachu, nayatupia kwenye mchuzi wa samaki siku ambayo ndimu zimeadimika. Juisi kila mtu anaijua, ila natoa rai moja: msiichemshe na kilo ya sukari. Ichemsheni na mchaichai na kipande cha mdalasini, ipoe, ndipo mtie sukari kidogo kidogo huku mkionja. Wakati wa Ramadhani jagi la juisi hiyo ndilo la kwanza kumalizika kwenye mkeka wetu.

Kuna jambo linanikera na lazima niliseme. Rozela inauzwa mitaani kama dawa ya kuongeza damu, na wajawazito wanaambiwa waachane na vidonge vyao wainywe hii. Wekundu wa rozela haumaanishi damu. Ni rangi ya mmea tu, ya ukoo mmoja na ile inayotia ulimi weusi mtu akila zambarau. Ukitaka kuhakikisha, dondoshea magadi kidogo kwenye glasi ya juisi nyepesi, utaiona inageuka mbele ya macho yako kuelekea bluu. Damu haifanyi hivyo. Mjamzito anayeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini ameze vidonge alivyopewa, na kuhusu rozela awaulize wao huko huko. Presha ndiyo ina ushahidi: mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa watu 65, na wale waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita presha yao ilishuka kiasi. Kushuka kiasi hakumfanyi mtu aache dawa. Anayemeza dawa za presha amweleze daktari kwamba anakunywa na rozela, kwa sababu viwili hivyo vinaweza kusukuma upande mmoja. Nakipenda kinywaji hiki kiasi cha kukipa ua wangu wote, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki mtu aumie kwa jina lake.

Mwaka huu ndoo ya sita, iliyo kando ya bafu, sijaichuma hata kikombe kimoja. Vitumba vimekauka vikawa kahawia, na ukitikisa tawi mbegu zinalia ndani. Wiki ijayo nitavipasua juu ya sinia, nichanganye mbegu na majivu makavu na kuzifungia kwenye chupa mpaka masika. Jirani wa nyumba ya tatu ameshaleta chupa yake, ameiweka dirishani kwangu tangu Jumapili, na ndani ametia kikaratasi chenye jina lake ili isichanganyike na ya shangazi.