Tairi Kubwa, Difu Nyingine: Kwa Nini Mshale wa Spidi Unakudanganya

Msomaji wa Muheza mwenye lori la machungwa ameuliza jambo ambalo madereva wa barabara ya Segera wanabishana nalo kila siku. Ametoa tairi za 10.00R20 akafunga 12.00R20, fundi akambadilishia na difu (gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu), na sasa dashibodi ikionyesha 80, tochi ya trafiki inasoma karibu 90. Ndugu yangu, tochi haikuonei.

Spidomita haiijui tairi. Kwenye malori mengi inahesabu mizunguko ya shafti inayotoka giaboksi kwenda kwenye propela, ule mhimili mrefu unaoizungusha difu, basi. Ndiyo maana kubadilisha gia za ndani ya giaboksi hakuigusi: kipimo kinachukuliwa baada yake. Kinachoivuruga ni difu na tairi. Tairi kubwa humeza barabara zaidi kwa kila mzunguko, mshale ukasoma chini. Difu ya nguvu, yenye uwiano mkubwa wa meno, huizungusha propela zaidi, mshale ukasoma juu. Difu ya mbio, kinyume chake.

Usikisie kwa kusoma ubavu wa tairi. Jaza upepo sawasawa, pakia mzigo wa kawaida, chora alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kisha sogeza lori mizunguko mitano iliyonyooka. Pima kwa tepu, gawanya kwa tano. Tairi ya 10.00R20 itakupa kama mita 3.21, ya 12.00R20 kama 3.43. Gawanya kubwa kwa ndogo: 1.0685. Mshale ukisema 80, unakimbia 85.5.

Sasa difu. Hesabu meno ya krauni (gia kubwa ya difu) na ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha), ya zamani na mpya. Usikubali maneno ya muuzaji wa spea. Ikiwa ya zamani ni 41 kwa 7, gawanya: hiyo ni 5.857. Ukifunga ya 43 kwa 7 (6.143), gawanya 5.857 kwa 6.143, zidisha kwa 1.0685: unapata 1.019. Makosa mawili yamekaribia kufutana, na 80 yako ni 81.5. Lakini ukifunga ya 39 kwa 7 (5.571), makosa yanabebana: 1.123. Hapo 80 ya dashibodi ni 90 ya barabarani, na sheria kwa gari linalozidi kilo 3,500 ni 80. Bila shaka ndicho kilichompata msomaji wetu. Kama lori lina difu mbili nyuma, zote ziwe na meno sawa, la sivyo gia zinazoziunganisha zitasagika.

Odometa nayo hupunja. Kwa tairi hizo peke yake, safari ya Tanga hadi Dar es Salaam ya kilomita 350 itaandikwa kama 328. Tajiri anapiga hesabu ya mafuta, anaona gari linakunywa, dereva anaitwa mwizi wa dizeli. Kabla ya kumfukuza mtoto wa watu, pima tairi.

Kurekebisha kunategemea gari. Lenye kebo ya spidomita lina gia ndogo, mara nyingi ya plastiki, ubavuni mwa giaboksi. Ikiwa na meno 18 na kosa ni 1.0685, gawanya: 16.8, kwa hiyo weka ya meno 17. Meno machache huizungusha kebo haraka zaidi. Baadhi ya giaboksi zina kishikio cha gia hiyo kisichokaa katikati. Ukibadilisha idadi ya meno lazima ukizungushe kufuata alama, la sivyo gia zitaelea au zitatafunana.

Gari la Kijapani lenye kebo lina jaribio rahisi ambalo mafundi wengi wanalipuuza. Kwa kawaida kebo yake huzunguka mara 637 kwa kilomita. Ichomoe nyuma ya saa ya spidi, bandika kipande cha karatasi nchani, sogeza lori taratibu hadi karatasi izunguke mara 10. Lori liwe limetembea mita 15.7. Likifika 16.8, kosa lako umelishika mkononi.

Lenye sensa halina gia ya kubadilisha. La Ulaya lenye takografu (kifaa kinachorekodi mwendo na safari) huingiziwa mzunguko mpya wa tairi kwa kifaa cha programu. Mengine hufungiwa kisanduku cha kurekebisha mapigo ya umeme kwenye waya wa sensa. Kama mwendo unasomwa na sensa za magurudumuni, difu haihusiki, pigia hesabu tairi tu. Na kama kidhibiti mwendo kinatumia sensa ileile, nacho kinadanganywa. Hakikisha kimepata marekebisho hayohayo.

Maliza kwa GPS ya simu, mwenzako aishike, kwenye kipande kilichonyooka na tambarare, mwendo usiobadilika kwa nusu dakika. Ukipita Pongwe, kwenye barabara ya Tanga kwenda Muheza, utakipata. Mshale kuzidi GPS kwa kilomita mbili tatu ni sawa, viwanda huuweka hivyo makusudi. Kusoma chini ya GPS hakukubaliki. Tairi pia ikiisha hupungua karibu asilimia 2, kwa hiyo usihangaikie desimali.

12.00R20 zinataka rimu ya inchi 8.5, ilhali 10.00R20 hukaa kwenye 7.5. Ukizilazimisha kwenye rimu za zamani, pacha za nyuma zitagusana zikipata mzigo. Na unapofunga gia ya kebo weka sili mpya: ya zamani ikivuja, oili hupanda na kebo hadi kwenye saa, mshale ukaanza kutetemeka.