Akipata kazi, usimkatie msaada siku hiyo hiyo

Hapa Dar es Salaam, msaada unaomshikilia mtu wa kipato cha chini mara nyingi hautoki ofisini. Unatoka kwa kaka anayelipa kodi ya chumba, kwa shangazi anayetuma hela ya gesi, kwa bibi anayeshinda na mtoto bila kudai kitu. Na msaada huo una kanuni moja ambayo haijaandikwa popote: ukisema tu "nimepata kazi", unakoma. Wakati mwingine unakoma kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia.

Kanuni hiyo inaumiza watu wanaojituma. Mtu anaacha kazi baada ya miezi miwili, ukoo mzima unamwita mvivu, kumbe hesabu ndiyo iliyomkataa. Hesabu yenyewe si ngumu. Ifanyeni pamoja, anayesaidia na anayesaidiwa, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Tumchukue mama wa mfano anayeishi Chamazi. Anakaanga maandazi tangu saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi ameshamaliza kuuza. Akitoa unga, mafuta, sukari na mkaa, faida yake ni Sh 90,000 kwa mwezi. Kaka yake anamtumia Sh 70,000 ya kodi ya chumba. Jumla anaishi kwa Sh 160,000. Sasa amepata kazi dukani Kariakoo, mshahara Sh 400,000. Mtaani watu wanasikia laki nne, na kaka naye anasikia laki nne.

Laki nne hiyo haifiki mkononi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakata asilimia 10, yaani Sh 40,000. Inabaki Sh 360,000, na kodi ya mapato (PAYE) inahesabiwa kwenye kiasi hicho. Sh 270,000 za kwanza hazitozwi, zilizozidi hapo hadi Sh 520,000 zinatozwa asilimia 8. Kwake zilizozidi ni Sh 90,000, kwa hiyo kodi ni Sh 7,200. Anaondoka na Sh 352,800. Makato si mabaya, na wengi wanaolalamikia kodi katika ngazi hii ya mshahara wanalalamikia kitu kidogo kuliko vyote. Ila kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwajiri atakata asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi, Sh 60,000 nzima. Hiyo aijue mapema.

Gharama ya kufika kazini ndiyo inayokula mshahara. Tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila gari Sh 600. Ni Sh 2,400 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh 62,400. Chakula cha mchana kwa mama ntilie tukiweke Sh 2,500, kwa mwezi Sh 65,000. Dada wa kukaa na mtoto tumlipe Sh 70,000. Jumla Sh 197,400. Ukitoa kwenye Sh 352,800 unapata Sh 155,400.

Maandazi ameyaacha, maana saa kumi na moja na nusu alfajiri anatakiwa awe kituoni. Kaka naye ameacha kutuma ile Sh 70,000. Alikuwa anaishi kwa Sh 160,000 akifanya kazi saa tano kwa siku nyumbani kwake. Sasa anaishi kwa Sh 155,400, na ukihesabu muda wa barabarani yupo nje saa kumi na mbili. Ameongeza saa 182 kwa mwezi na kipato kimeshuka kwa Sh 4,600.

Angalia kwa makini ni nani aliyefanya kazi isilipe. Jasho lake mwenyewe, baada ya gharama zote, lilimpa Sh 90,000 zamani na linampa Sh 155,400 sasa. Ameongeza Sh 65,400 za halali. Kaka ameondoa Sh 70,000. Kwa kila shilingi 100 aliyoongeza, amenyang'anywa shilingi 107. Kaka hakukusudia hivyo, aliangalia laki nne badala ya kuangalia Sh 65,400.

Nchi zinazotoa ruzuku kwa familia zenye kipato kidogo zimehangaika na jambo hili kwa miaka mingi, na Uingereza ni mfano mzuri kwa sababu viwango vyake viko wazi. Ruzuku yao kuu, Universal Credit, ilianza mwaka 2013. Haikatwi yote mtu anapopata kazi, inapungua kadiri mshahara wa mkononi unavyopanda. Mwanzoni ilipungua kwa peni 65 katika kila pauni moja (pauni ni peni 100), mwaka 2017 ikawa peni 63, na tangu mwishoni mwa 2021 ni peni 55. Wenye watoto wana kiasi cha kwanza cha mshahara kisichoguswa kabisa, ndipo upunguzaji unaanza.

Hata hivyo peni 55 bado inauma, kwa sababu haiko peke yake. Mzazi aliyekwishavuka kiwango cha kutotozwa kodi akiongeza pauni 100 za kazi, kodi inachukua 20 na mchango wa bima ya taifa 8. Zinabaki 72. Ruzuku inapungua kwa asilimia 55 ya hizo 72, yaani pauni 39.60. Anabaki na pauni 32.40, na bado hajalipa nauli ya basi. Kwa hiyo ukiwa na ndugu huko mwenye watoto na ruzuku, akakwambia kwamba kuongeza zamu hakumsaidii sana, usidhani anakukwepa. Amepiga hesabu kama hii.

Mbaya zaidi ni ile inayokatwa mara moja. Uingereza hiyo hiyo ina posho ya mtu anayemuuguza ndugu, Carer's Allowance. Katika mwaka ulioanza Aprili 2025 mpokeaji aliruhusiwa kupata hadi pauni 196 kwa wiki kutokana na kazi. Akizidisha pauni moja tu, posho yote ya wiki hiyo, pauni 83.30 wakati huo, ilipotea. Misaada ya kifamilia hapa mjini mingi iko hivi: upo au haupo, hakuna katikati.

Basi tufanyeje? Mimi nashauri nusu. Punguza msaada kwa nusu ya nyongeza halisi, ile iliyobaki baada ya makato, nauli, chakula, malezi ya mtoto na kazi aliyoiacha. Kwa mama wetu nusu ya Sh 65,400 ni Sh 32,700. Kaka anatuma Sh 37,300 badala ya Sh 70,000. Mama anaishi kwa Sh 192,700, amepanda Sh 32,700, na kaka naye amepumua kwa kiasi hicho hicho. Wote wawili wameonja matunda ya ile kazi. Ukipunguza theluthi moja badala ya nusu ni bora zaidi kwake, kama mfuko wako unaruhusu. Ukivuka nusu, nauli ikipanda kidogo tu utakuwa umerudi kule kule.

Usianze kupunguza mwezi wa kwanza. Subiri miezi mitatu kamili. Mwezi wa kwanza mshahara unakuja mwishoni lakini nauli inatoka kila asubuhi, na usipomsaidia hapo atakopa kwa riba ya mtaani ili aende kazini. Ajira yenyewe haijawa imara: chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo halali kama waliotangulia. Kuna pia suala la mwenye nyumba. Vyumba vingi hapa vinalipiwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Ukisitisha msaada mwezi wa pili na kodi inadaiwa mwezi wa tatu, hajakosa Sh 70,000, amekosa Sh 210,000 kwa siku moja. Pangeni punguzo lianze baada ya kodi kulipwa, si kabla.

Kosa ambalo huwa halionekani ni la wasaidizi wawili. Kaka anapunguza nusu, na shangazi, bila kujua, naye anapunguza nusu. Nusu na nusu ni nzima, na mama amerudi sifuri ingawa kila mmoja anaona alitenda haki. Hivi ndivyo inavyotokea pia kodi na ruzuku zinapokata pamoja bila kuulizana. Mkiwa wawili au watatu mnaomsaidia mtu mmoja, zungumzeni, na nusu hiyo mgawane. Mmoja aanze kupunguza, mwingine asubiri.

Na msaada usio wa fedha uhesabiwe pia. Bibi aliyekuwa anashinda na mtoto akisema "sasa una kazi, tafuta dada", hiyo ni Sh 70,000 iliyoondoka bila mtu kuiita fedha. Kijana anayeishi kwa mjomba akipata kibarua, siku hiyo hiyo umeme na maji vinakuwa vyake, na vizinga vinaanza kutoka kila upande: mchango wa harusi, mchango wa msiba, soda ya hongera. Si vibaya achangie. Achangie kutoka kwenye kile kilichobaki, na awaambie ndugu kiasi chenyewe.

Matunzo ya mtoto kutoka kwa baba yake hayamo kabisa kwenye hesabu hii. Huo ni wajibu wa mzazi chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mama kupata kazi hakumfanyi mtoto ale kidogo, na baba anayesitisha kwa sababu hiyo anakwepa wajibu wake.

Saa za ziada nazo zina mtego wake. Sheria inataka zilipwe angalau mara moja na nusu. Kwa mshahara wa Sh 400,000 na wiki ya saa 45, saa moja ya kawaida ni kama Sh 2,050, ya ziada ni kama Sh 3,075. Saa mbili zinampa Sh 6,150 hivi kabla ya makato. Lakini kama saa hizo zinamtoa dukani usiku, anakosa gari la pili na kuchukua bodaboda ya Sh 5,000, hata ukikumbuka nauli ya Sh 600 aliyookoa, jioni yote baada ya makato imemwachia kama elfu moja au pungufu. Aombe saa za ziada za Jumamosi mchana, au afuatane na mwenzake wa njia moja wagawane bodaboda.

Kwa walio kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wa kunusuru kaya maskini, hofu imekuwa kubwa kuliko kanuni. Ruzuku ile haipunguzwi kila mwezi kwa kuangalia umeuza nini mwezi huo, na kuongeza kuku watano au meza ya nyanya hakukatizi malipo yajayo. Kaya huingia na kutoka kwa tathmini, na iliyoimarika huhitimu. Kwa hiyo kufunga biashara ndogo ili uonekane maskini ni kujinyima bure. Ukijua tathmini inakuja na hali yako imepanda, tumia malipo yaliyobaki kununua kitu kinachozalisha, usiyapangie matumizi ya kudumu kama kodi ya chumba. Na kuna misaada isiyoguswa na kazi yoyote: elimu bila ada hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022, haimuulizi mzazi anapata kiasi gani. Ndiyo maana haimrudishi mtu nyuma anapopata kazi.

Kabla ya kuikataa kazi yenye hesabu mbaya, angalia NSSF. Kwa mama wetu, Sh 40,000 zake na angalau Sh 40,000 za mwajiri zinaingia NSSF kwa jina lake kila mwezi. Si hela ya kula leo, ndiyo maana sikuiweka kwenye Sh 155,400, lakini maandazi hayakuwa nayo. Kuna mwajiri anayekata na asipeleke, kwa hiyo mwezi wa pili aombe taarifa ya michango yake. Kama haionyeshi kitu, aulize mapema, deni la miezi miwili hulipika kuliko la miaka miwili.

Ugumu unaobaki ni kulisema. Mdogo anaona haya kumwonyesha kaka mahesabu, kaka anaona haya kuuliza. Ujumbe wa simu unatosha, na utumwe kabla ya siku ya mshahara:

"Shikamoo kaka. Nimeanza kazi Kariakoo tarehe 1. Mkononi itakuwa 352,800. Nauli, chakula na dada wa mtoto ni 197,400, inabaki 155,400. Maandazi yaliyokuwa yananipa 90,000 nimeacha, kwa hiyo nyongeza yangu ni 65,400. Naomba uendelee na kodi ya chumba miezi hii mitatu, mwezi wa nne tupunguze 32,700. Mshahara ukipanda nitakwambia mwenyewe. Kazi ikiisha naomba turudi 70,000 mwezi huo huo, tukubaliane sasa ili nisije kukusumbua wakati huo. Shangazi nimeshamwambia asipunguze kwanza."