Nimepita arobaini na nina deni la swala. Je, niuze tuktuk nikae msikitini?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina miaka 46, naendesha tuktuk Kisauni. Tangu tumzike Kikowani rafiki niliyesoma naye chuoni, silali vizuri. Naona umri umekwisha na ujana wangu niliupoteza, swala za miaka mingi sikuziswali. Kisha nikatumiwa mawaidha kwenye simu, ati aliyefika arobaini na kheri zake hazijashinda shari zake ajiandae kwa Moto. Nataka kuuza tuktuk nikae msikitini. Mke wangu hataki. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, ndugu yangu. Mola amrehemu sahibu yako.

Hayo mawaidha yamenifikia na mimi, tena si mara moja, na kila anayeyatuma hudhani anachuma thawabu. Maneno hayo si ya Mtume (s.a.w.). Ibn al-Jawzi, mwanachuoni wa hadithi, aliyahesabu katika hadithi za kuzuliwa zaidi ya miaka 800 iliyopita, na sisi bado twatishana nayo! Kumzulia Mtume ni dhambi kubwa, hata mzushi akidai ataka watu watubu. Na tazama yanavyogongana na yaliyo sahihi. Katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim mna kisa cha mtu aliyeua watu mia, akafa njiani akiiendea toba. Katika mapokezi ya Muslim, malaika wa adhabu walisema hajapata kutenda kheri kabisa, na bado alichukuliwa na malaika wa rehema. Kheri zake zilishinda lini? Kisha soma sura ya Al-Ahqaf katika Qur'ani, aya ya 15: mja anapofika arobaini anaomba awezeshwe kushukuru na kutenda mema, na anatubu. Aya ya 16 inasema watu hao Allah anawakubalia mema yao na kuwasamehe mabaya yao. Huo Moto wa arobaini wameutoa wapi?

Umri uliotajwa kwa onyo ni sitini. Bukhari amepokea kuwa aliyecheleweshewa ajali yake hata akafika sitini, Allah hakumbakishia udhuru. Wewe hujafika huko, ijapokuwa hakuna aliyekuandikia hati kwamba utafika. Hofu yako ni neema, madhali inakuamsha kuswali na si kukulaza macho juu ukihesabu miaka.

Tuktuk usiuze. Mtume amesema, kama alivyopokea Abu Daud, kwamba yamtosha mtu kuwa ni dhambi kuwatelekeza wale anaowalisha. Sasa utubie dhambi moja kwa nyingine?

Kuhusu swala, wako wanaosema aliyeacha kwa makusudi halipi, atubu tu na azidishe sunna. Ni kauli ya mwanachuoni Ibn Taymiyya, nami simtukani anayeifuata. Mimi najibu kwa madhehebu ya Shafi tuliyoyakuta hapa pwani: utalipa, na bila kuchelewesha. Lakini hata Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa madhehebu hayo aliyekaza sana na kutaka wakati wote uingie katika kadha, yaani kulipa swala zilizopita, alitoa wakati wa usingizi na wa kuwachumia wanaokutegemea. Kwa hivyo kisia miaka hiyo mpaka moyo utulie kuwa haikuzidi, kisha kila faradhi uifuatishe kadha yake. Mwaka utalipa mwaka. Siku abiria ni wachache, ongeza. Muda uliokuwa ukiutumia kwa sunna upe kadha kwanza.

Na mke wako usimwone adui wa dini. Yeye anauliza watoto watakula nini, swali ambalo ungepaswa kuanza nalo wewe. Kaeni mwandike wasia: nani anakudai, unamdai nani, mkopo wa tuktuk umebaki kiasi gani. Haimfalii Muislamu mwenye cha kuusia alale siku mbili bila wasia kuandikwa, na wengi wetu tunaolia makaburini hatuna hata karatasi moja.

Usingizi ukiendelea kukosekana, nenda ukaonane na daktari, na usione haya. Msongo wa mawazo ni maradhi kama mengine, na anayeendesha abiria bila kulala anahatarisha umri wa wengine pia.

Wallahu aalam.