Maswali yenu: Nyumba za Ninawi na jirani wa zamani

Toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kuhusu Wakristo wa uwanda wa Ninawi, kaskazini mwa Iraki, wanaojenga upya miji waliyofukuzwa na ISIS. Barua nyingi zimetoka Kondoa na Dodoma mjini. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Ninawi mnayoisema ndiyo ile ya Yona? Na hao Wakristo ni Waarabu waliobatizwa, au ni watu gani? (Msomaji, Kondoa mjini)

Ndiyo hiyo hiyo. Magofu yake yamo ndani ya mji wa Mosul, kando ya mto Tigris, ule ambao Biblia inauita Hidekeli. Juu ya kilima kimoja pale palikuwa na msikiti wa Nabii Yunus, na ISIS waliulipua Julai 2014. Nabii ni mmoja, na waliomheshimu ni wa dini zote mbili.

Wakristo wa huko ni Wakaldayo, Wasiria na Waashuri, na wengi nyumbani husema Kisureti, lugha ya ukoo wa Kiaramu. Dini hawakuletewa na meli wala mkoloni, walikuwa nayo kabla Uislamu haujafika.

Picha zenu zinaonyesha nyumba zilizoungua lakini kuta zimesimama. Hapa kwetu fundi angepiga lipu na rangi, mwenye nyumba akahamia. Kwa nini kwao inachukua miaka? (Fundi mwashi, Chang'ombe, Dodoma)

Fundi, nyumba inayodanganya ni iliyoungua. Iliyoanguka haimdanganyi mtu.

Chukua Qaraqosh, mji uliokuwa na watu kama 50,000. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 2014 karibu wote walikimbilia Erbil, mji mkuu wa eneo la Wakurdi, na mji ukakombolewa Oktoba 2016. ISIS walikuwa wamechoma nyumba moja moja, kutokea ndani. Mwaka 2017 makanisa matatu, Wakaldayo, Wasiria Wakatoliki na Wasiria Waorthodoksi, yaliunda kamati moja ya ujenzi. Kamati ikazigawa nyumba mafungu matatu: zilizobomoka kabisa, zilizochomwa, na zilizoharibika sehemu. Hilo fungu la katikati ndilo lenye kichwa kigumu.

Paa zao ni bapa kama la tembe, ila ni zege lenye nondo. Moto wa chumbani hupiga slabu kutokea chini. Zege likipita nyuzi 300 hivi huanza kupoteza nguvu, na mara nyingi hugeuka la waridi au jekundu. Likipita 600 huwa la kijivu cheupe, likikwanguliwa linamomonyoka. Rangi hizo huwezi kuziona mpaka masizi yatoke, kwa hiyo kupaka rangi mapema ni kuuzika ushahidi.

Kwanza haingii mtu mpaka wategua mabomu wapite, maana milango, friji na hata swichi za taa zilitegwa. Kisha simamisha mirunda chini ya slabu, ndipo uanze kugonga. Bandua lipu yote, usiishie kwenye iliyolegea. Gonga kwa nyundo kila sentimita 30: zege zima hulia kwa ukali, lililoungua hutoa sauti bubu kama debe lililojaa mchanga. Chimba mpaka ukutane na rangi ya kawaida. Nondo iliyoning'inia usiinyooshe ukairudisha, ikate uunganishe mpya. Slabu iliyobonyea katikati, vunja, hata mwenye nyumba akilia. Waya za umeme zilizomo ukutani vuta zote nje.

Na kuna kosa dogo lenye madhara makubwa: tangi la maji. Kwao tangi hukaa juu ya paa. Lita 1,000 ni kilo 1,000, na familia yenye haraka ya kurudi hulipandisha kabla slabu haijapimwa.

Mtu aliyekimbia usiku na watoto, hati anazo? Akirudi akamkuta mwingine ndani, anaanzia wapi? (Mama wa watoto wanne, Manyoni)

Wengi hawana, mama. Iraki ina Sheria namba 20 ya mwaka 2009 ya kuwafidia walioathiriwa na vita na ugaidi. Anayedai huhitaji taarifa ya polisi, uchunguzi wa hakimu, picha za uharibifu na uthibitisho wa umiliki, na malipo hukawia miaka. Ndiyo maana watu hukarabati kwanza kwa msaada wa kanisa. Hapo ndipo wengine hujiharibia: wanafagia kifusi kabla ya kupiga picha, kisha hawana cha kumwonyesha hakimu.

Hati za kughushi nazo zimewanyang'anya nyumba, hasa Baghdad na Mosul. Januari 2021 Muqtada al-Sadr, kiongozi wa Kishia, aliunda kamati ya kupokea malalamiko ya Wakristo waliodhulumiwa mali.

Kwa ninyi mlio hapa: nakala ya hati ikae sehemu mbili nje ya nyumba, kwa mfano parokiani au msikitini, na kwa ndugu wa mkoa mwingine. Kuwa nayo kwenye simu pekee hakutoshi.

Mimi ni Mwislamu, na katika ukoo wetu Wakristo wamo. Nijibuni bila kunipamba: hao wanaweza kweli kumwamini jirani tena? Kuna aliyewaonyesha ISIS nyumba zao. (Mzee, Kolo)

Shikamoo mzee. Wengine hapana, na hatuwalaumu. Mosul, Julai 2014, nyumba za Wakristo zilichorwa herufi nuni, ya kwanza katika neno Nasara (Wakristo), wakapewa mpaka tarehe 19: kusilimu, kulipa jizya (kodi ya wasio Waislamu), kuondoka, au upanga. Mchoraji alijua mlango upi ni wa nani. Karibu nusu ya watu wa Qaraqosh hawajarudi, na wengi wako Australia, Kanada na kwingineko.

Lakini neno "jirani" linabeba watu wengi mno. Washabaki, jamii ndogo ambayo wengi wao ni Waislamu, na Wayazidi, wenye dini yao ya kale, nao walikimbia ISIS. Waliporudi, ugomvi mpya ukazuka kwenye mji kama Bartella kati ya Wakristo na Washabaki, safari hii juu ya viwanja na nani asimamie kizuizi cha barabarani. Ugomvi wa namna hiyo hauponywi kwa mahubiri ya upendo. Unataka ramani ya viwanja, na askari wa kizuizi watoke pande zote.

Makosa ya wafadhili yanajirudia. Pesa ikishuka kwa Wakristo peke yao, jirani aliyepoteza paa siku ile ile huanza kuhesabu. Afadhali nyumba ziwe za wenyewe, lakini kisima, zahanati na soko viwe vya wote, na ufunguo wa pampu ukae kwa watu wawili wa pande mbili, zamu zikiandikwa ukutani. Mradi wa UNESCO Mosul ulifanana na hilo: msikiti wa al-Nuri, uliolipuliwa Juni 2017, ulijengwa upya katika mradi mmoja na makanisa ya al-Tahera na al-Saa'a, kwa fedha za Falme za Kiarabu.

Papa Fransisko alikutana na Ayatollah Sistani, kiongozi mkuu wa kidini wa Washia wa Iraki, kule Najaf tarehe 6 Machi 2021, na kesho yake akasali Mosul katikati ya magofu ya makanisa. Ilifaa. Ila sisi tunakithamini zaidi kisa cha Desemba 2017, pale vijana Waislamu wa Mosul waliposaidia kusafisha kanisa la Mtakatifu Paulo ili misa ya Krismasi isaliwe. Hawakusubiri mgeni wa kupiga nao picha.

Kigango chetu kimepanga kuchanga nguo na mahindi kwa ajili yao. Tupitie wapi? (Katibu wa kigango, Kongwa)

Nguo na mahindi acheni, nauli itazidi thamani ya mzigo. Changeni fedha, hesabuni mbele ya watu watatu, andikeni muhtasari, kisha mpeleke Caritas ya jimbo, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, mkitaja kusudi: ukarabati wa nyumba, Ninawi. Msitume kwenye namba ya simu iliyokuja kwa WhatsApp, hata ikiwa na picha ya padre. Daini risiti siku hiyo hiyo. Mwezi ukipita bila taarifa ya fedha kufika, ulizeni kwa barua, na nakala yake ibaki kwenye faili la kigango.